Kijerumani cha "kuliko wote" kisifundishwe kwa miili ya watoto

Mhariri, salamu kutoka Moshi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi na walimu wenzangu, wa huku kwetu na wa Arusha, maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na naona tukinyamaza litaendelea tu.

Ni kuhusu madarasa ya Kijerumani ya watoto. Kwa asiyejua, huku yapo, mengine ni twisheni ya Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, mengine sebuleni kwa mwalimu, mengine ndani ya shule za binafsi, na sababu inajulikana, wageni wa Kijerumani wanakuja kupanda mlima na kwenda mbugani, alafu wapo wazazi wanaowaza mbali kwamba mtoto akimaliza shule aende Ujerumani akasomee unesi au ufundi. Mi mwenyewe nilikuwa napandisha wageni mlimani kabla sijaanza kufundisha, Kijerumani ndo kimenisomeshea wanangu, kwa hiyo sipingi hata kidogo watoto kujifunza. Ninachopinga ni namna somo moja linavyofundishwa, lile la kulinganisha, pale mtoto anapotoka kwenye groß akaenda größer akafika am größten, kubwa kuliko vyote.

Kuna darasa moja hapa mjini, jina naliacha, binti wa dada yangu alikuwa anasoma pale. Siku ya somo hilo mwalimu aliwatoa watoto mbele akawapanga kwa urefu, akauliza darasa zima wer ist am größten, wakaitikia, akauliza wer ist am kleinsten, wakaitikia, hapo bado wote wanacheka. Akaendelea, wer ist am dicksten, yaani nani mnene kuliko wote, na darasa zima likamnyooshea kidole yule binti. Kisha akawatoa nje wakimbie ili apatikane am schnellsten, na aliyefika mwisho naye akapewa lake, am langsamsten. Kuanzia siku hiyo wenzake wakawa wanamwita Dicke, kwenye daladala Dicke, mtaani Dicke, hadi watoto ambao Kijerumani hawajawahi kukisoma wakalishika hilo jina. Ana miaka tisa tu. Akaanza kuacha chakula, akawa anavaa sweta kwenye lile joto letu la Februari, na Jumamosi ikifika anasema tumbo linamuuma. Mama yake alienda kuongea akajibiwa kwamba ni mchezo tu wa kujifunzia na watoto husahau haraka. Hajasahau, na darasa ameacha.

Na sio darasa hilo peke yake. Nimeongea na walimu wa Arusha wakaniambia na kwao yapo, tena wengine hawaoni tatizo kabisa, maana karatasi za mazoezi zinazozunguka, hizi za kupakua kwenye intaneti na kutoa kopi, nyingine zinasema wazi linganisha wanafunzi wa darasa lako. Mwalimu anachukua kwa sababu ni rahisi, haihitaji vifaa, watoto wapo hapo hapo mbele yake.

Tuliangalie hili somo lilivyo. Ukifundisha rangi hakuna mtoto anayeumia, ukifundisha namba au siku za wiki au vyakula hakuna anayeumia. Lakini sarufi hii kazi yake yote ni kumtoa mmoja kwenye kundi na kumweka juu kabisa au chini kabisa, ukishaweka am mbele na -sten nyuma ya sifa lazima abaki mmoja peke yake. Sasa huyo mmoja akiwa mlima hakuna shida, akiwa mnyama hakuna shida. Akiwa mtoto wa miaka tisa, amesimama mbele ya wenzake, na neno lenyewe ndo jipya analosikia kwa mara ya kwanza kwenye lugha hiyo, basi hilo neno na ile aibu vinaingia kichwani pamoja na havitoki.

Alafu watoto wetu wanapangwa vya kutosha tayari jamani. Ripoti ya shule inakuja imeandikwa wa ngapi kati ya wangapi, mzazi anaruka maoni ya mwalimu anakimbilia hapo. Baraza la Mitihani lenyewe Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha ule utaratibu wa kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na wengi tulishangaa mwanzoni ila mi naona lilikuwa jambo la heri. Sasa kama taifa zima limeweza kuacha kutangaza nani wa kwanza, mwalimu wa Jumamosi mwenye watoto ishirini anashindwaje kuacha kutangaza nani mnene?

Najua nitaambiwa watoto wanajifunza kwa kusimama na kutembea, sio kwa kukaa na kunakili ubaoni. Nakubali kabisa, tena nalisisitiza, mtoto akitembea na neno analishika haraka kuliko akiliandika mara mia. Ila sio lazima asimame kama yeye. Mimi nakata manila vipande, nachora au nabandika picha, kila mtoto anashika kadi moja na kwa dakika hizo yeye ndo hicho kitu. Mmoja tembo, mmoja twiga, mmoja duma, mmoja sungura, mmoja kobe. Nauliza wer ist am schnellsten, wanajipanga wenyewe kwa fujo na kusukumana, mwenye duma anasimama mwanzo anasema kwa sauti Ich bin am schnellsten, na mwenye kobe anasema Ich bin am langsamsten huku anatembea polepole na wenzake wanampigia makofi kwa jinsi alivyoigiza vizuri. Kisha nauliza wer ist am größten na mstari wote unavunjika unapangwa upya, twiga anaenda mbele. Nauliza wer ist am schwersten, mzito kuliko wote, unavunjika tena, tembo anaenda mbele. Mtoto mdogo kabisa wa darasa mara nyingi ndo anakimbilia kadi ya tembo, na hakuna anayemcheka, maana anayelinganishwa ni tembo.

Na kwa sisi wa huku kuna bahati ambayo walimu wengine hawana, tunafundisha chini ya mlima wenyewe. Vitabu vinatafuta mifano ya ngazi tatu vinahangaika, wakati sisi tuna vilele vitatu vya Kilimanjaro, Shira, Mawenzi na Kibo. Shira inafika kama mita 4,000, Mawenzi mita 5,149, Kibo mita 5,895. Der Shira ist hoch, der Mawenzi ist höher, der Kibo ist am höchsten. Somo zima limeisha hapo, na mtoto akitoka nje asubuhi mawingu yakiwa hayapo analiona kwa macho. Watoto wa Kichaga wengi wamesikia kwa bibi zao ile hadithi ya Mawenzi kwenda kuomba moto kwa Kibo mara kwa mara mpaka Kibo akakasirika akampiga, ndo maana kichwa cha Mawenzi kimechongoka vile, kwa hiyo hata kabla ya Kijerumani wanajua nani mkubwa pale. Wa Arusha nao wana Meru, zaidi ya mita 4,500, mlima wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Wapewe huo, waulizwe der Meru au der Kilimandscharo, na waone jinsi Wajerumani wanavyoliandika jina la mlima wetu, watoto wanalipenda hilo.

Neno hoch lina vituko vyake na hapa mwalimu asikimbie. Kwenye hoch kuna c, kwenye höher c imeondoka imebaki h, kwenye höchsten c imerudi. Pia o imepata nukta mbili juu, na hiyo sauti Kiswahili hatuna, Kichaga hakina, Kimeru cha Arusha hakina, ndo maana mtoto anasema hohe au hehe. Mi nawaambia sema e, ishikilie hiyo e usiiache, alafu taratibu kunja midomo kama unapuliza uji wa moto, ö inatoka yenyewe. Shida nyingine ni zile konsonanti kubanana mwishoni, sisi tumezoea kila silabi iishe na irabu basi höchsten inakuwa hokisiteni, silabi tano badala ya mbili. Dawa ni makofi, makofi mawili tu, höch, sten, ukisikia kofi la tatu mrudie wote kwa pamoja, sio mmoja mmoja. Hilo la wote kwa pamoja nalishikilia sana, maana kumsimamisha mmoja ulimi ukamshinda mbele za watu ni aibu ile ile, imebadilika nguo tu.

Kuna na hili la urefu ambalo nadhani walimu wengi hawaliongelei. Kwetu mlima ni mrefu, twiga ni mrefu, mto ni mrefu na shimo ni refu, tumemaliza. Mjerumani ana neno kwa kila kimoja, mlima ni hoch, twiga na mtu ni groß, mto na barabara ni lang, ziwa lenye kina ni tief. Mtoto akisema der längste Berg hajakosa akili, amefikiri Kiswahili. Badala ya kumkata, mpe mifano minne ya Afrika yetu na atatenganisha mwenyewe: Kilimanjaro ni der höchste Berg Afrikas, Nile ni der längste Fluss, Ziwa Tanganyika ni der tiefste See, lina kina cha mita 1,470 hivi, na twiga ni das größte Tier tukiongelea kimo. Ziwa Viktoria lisiachwe, ni der größte See Afrikas ingawa sio lenye kina, na hapo mtoto anaelewa kwamba kitu kinaweza kuongoza kwa jambo moja kikashindwa kwa lingine. Kwa watoto wadogo lakini nashauri waanze na umbo la am na -sten, hilo halijali der wala die wala das, yale maneno ya jinsia yanayotangulia jina, waje kwenye der höchste na das schnellste baadaye wakishazoea.

Makosa mengine yanatoka kwenye neno letu "zaidi". Sisi tunasema kubwa zaidi, basi mtoto anakuja na mehr groß, ni kosa la watoto wa Kiswahili karibu wote na linaondoka taratibu kwa kusikia tu größer, älter, kälter kila siku. Yale yanayobadilika kabisa, gut, besser, am besten na viel, mehr, am meisten, hayo hakuna ujanja ni ya kuimba.

Ila kati ya yote mi napenda kuanza na gern, lieber, am liebsten, yaani napenda, napenda zaidi, napenda kuliko vyote. Hapa ndo ningemwomba kila mwalimu aanzie hata kama kitabu chake kimeliweka mwisho. Unauliza darasa was isst du am liebsten, mmoja anasema mtori, mwingine kiburu, mwingine chipsi mayai, mwingine wali maharage, na hakuna aliyeshinda hakuna aliyeshindwa, kila mtoto ana jibu lake na jibu lake ni sahihi. Sarufi ni ile ile, am na -sten ipo pale pale. Na ukitaka waongelee uwezo, muulize kila mmoja was kannst du am besten, wewe unaweza nini vizuri kuliko mambo yako mengine, atasema am besten kann ich singen, yaani kuimba, au schwimmen, kuogelea, au kochen, kupika, analinganisha mambo yake mwenyewe na sio yeye na jirani yake. Nimeona watoto wakimya kabisa wakifunguka kwenye swali hilo. Kuna mmoja hakuwahi kuongea sentensi nzima darasani, siku hiyo akasema am besten kann ich Kühe melken, anakamua ng'ombe kwao Kibosho, na darasa zima likataka awafundishe, wakamuuliza maswali mpaka muda ukaisha.

Soko nalo lisisahaulike. Watoto wanajua bei kuliko tunavyodhani. Chukua parachichi, embe na nanasi, uliza was ist am teuersten, kipi ghali kuliko vyote, was ist am billigsten, kipi cha bei ya chini kuliko vyote, waandike bei za Mbuyuni au za Soko Kuu Arusha, wagombane kidogo kuhusu bei ya msimu, ni sawa.

Kuhusu karatasi za Ujerumani zenyewe, sisemi zitupwe. Mtoto ajue kwamba Zugspitze ni der höchste Berg Deutschlands, mita 2,962, ni ukweli wa kwao na siku moja atakutana na mgeni wa kutoka huko. Ila aongezewe la kwetu, kwamba mgeni anayepita njia ya Marangu akishalala kambi ya Mandara kisha akafika kambi ya Horombo kwenye mita kama 3,700 ameshaipita Zugspitze na bado kilele kipo mbali. Wageni niliokuwa napanda nao wakisikia hivyo wanasimama kabisa wanageuka kuangalia walikotoka. Hapo pia mtoto anajifunza kwamba kuliko wote lazima iwe na mipaka, ya Ujerumani, ya Afrika, ya dunia, in Deutschland, in Afrika, auf der Welt, ukisahau kutaja kundi sentensi yako inaweza kuwa ya uongo.

Na kuna historia hapo hapo ambayo watoto wakubwa kidogo, wa darasa la sita na la saba, wanaiweza. Tarehe 6 Oktoba 1889 wapanda mlima Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni Kibo, na Meyer akakipa jina la mfalme wa Ujerumani, Kaiser-Wilhelm-Spitze. Enzi zile za ukoloni Wajerumani waliuita Kilimanjaro mlima mrefu kuliko yote ya Ujerumani. Sarufi haina kosa, höchste iko sawa na Berg iko sawa, ila mlima ulikuwa wetu, na mwaka 1900 Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na utawala huo huo na ukoo wake hadi leo unatafuta fuvu lake. Kile kilele kikaja kuitwa Uhuru mwaka 1961. Siwafundishi watoto hili ili wawachukie wageni, nawafundisha wajue kwamba anayesema kipi ni kikubwa kuliko vyote na ni cha nani anakuwa na nguvu mkononi, na wao wakiishika lugha waitumie kwa ukweli. Na yapo mazuri ya kusema pia, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Andreas Hemp, ndo aliyetoa taarifa mwaka 2016 ya mti wa mita 81.5 kwenye korongo la Kilimanjaro, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika. Der höchste Baum Afrikas, uko hapa hapa juu yetu, na watoto wengi wa Moshi hawajawahi kuambiwa. Mfano kama huo ukiwa kwenye daftari mtoto anaenda kuwasomea nyumbani kwa furaha.

Ninachoomba basi ni hiki. Walimu, chukueni zile karatasi na pale penye majina ya wanafunzi wekeni milima, wanyama, matunda, mabasi, chochote kisichokuwa na moyo wa kuumia. Hata urefu wa watoto nao uacheni, maana anayefurahi kuitwa am größten leo ana mwenzake mwisho wa mstari ambaye ameshaambiwa kwao kila siku kwamba hakui. Wanaoendesha semina za walimu wa lugha waliweke jambo hili kwenye ratiba yao, mwalimu kijana anayeanza kazi anaiga alichoona tu.

Na wazazi, mtoto akirudi Jumamosi usimuulize amepata ngapi, mwambie akusomee sentensi moja aliyojifunza. Ukisikia ni kuhusu unene wa mwenzake au wake mwenyewe, nenda kaongee na mwalimu, kwa upole, bila kumtangaza kwenye grupu la wasapu la wazazi. Walimu hawa wengi wanalipwa kidogo na vifaa hawana, wengine wanafundisha na chaki tu. Ukienda, nenda na karatasi mbili za manila na boksi la maka peni, mwambie hizi ni za kadi za wanyama.

Mwalimu wa Kijerumani cha watoto,
Majengo, Moshi